Safari ya Natron Ianze na Maji, Siyo na Fulana

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, ile BTP yetu, nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Masasi, siyo mbali sana na kwetu Chiwata. Kidato cha Tatu, Jiografia, mada ya volkano na Bonde la Ufa. Kiingereza ubaoni, Kiswahili kwenye maelezo, kama tunavyojua wote. Nikachora bonde kwa chaki mbili, nyeupe na nyekundu. Nikauweka mlima Ol Doinyo Lengai ambao ulitoka kama kichuguu, na pembeni yake nikaandika Ziwa Natron. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, wewe ulishafika huko?"

Nikasema ndiyo.

Hata leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kona na fomu yake. Labda niliona aibu. Kijana hakuridhika, akauliza tena: "Hiyo chumvi ukiikanyaga, inavunjika?" Nikamjibu kwamba haivunjiki, ni ngumu kama sakafu ya saruji. Darasa zima likaandika.

Ukweli ni kwamba sijawahi kwenda kaskazini zaidi ya Dodoma hii tunayosomea. Chumvi ninayoijua mimi ni ya baharini, inayokauka kwa jua kwenye mabwawa ya Lindi na Mtwara, halafu inapanda gari mpaka Masasi kwenye viroba. Niliporudi chuoni nikasoma vizuri habari za Natron. Tabaka la magadi linaweza kuwa gumu hatua kumi, na hatua ya kumi na moja likapasuka, chini kuna tope na maji yenye kuchoma ngozi. Ndiyo maana wageni wanashauriwa watembee na mwenyeji anayejua pa kukanyaga. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa kosa, na tena kosa linaloweza kumuumiza mtu.

Ninaeleza haya kwa sababu chama chetu cha Jiografia kinapanga safari ya Natron, na mimi ni mjumbe wa kamati. Kwenye kundi la WhatsApp watu wanaiita "safari ya jangwa la chumvi". Kwa kweli ni ziwa, lakini jina hilo halijakosea sana. Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 57, na kina chake hakifiki mita tatu. Maji yanaingia kutoka mto Ewaso Ng'iro unaoshuka kutoka Kenya na kutoka chemchemi za moto, na hayana pa kutokea. Jua ndilo linaloyaondoa, magadi yanabaki. Kiangazi kikikolea, maji yanarudi nyuma na kuacha uwanda mweupe, sehemu nyingine mwekundu kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyopenda chumvi. Joto la mchana linapita nyuzi 40. Na katikati ya mahali pakali namna hiyo ndipo wanapozaliwa flamingo wadogo walio wengi kuliko popote duniani, karibu robo tatu ya wote. Wanalindwa na ukali huohuo, maana fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile.

Mwalimu gani wa Jiografia hataki kuona hilo kwa macho yake?

Njia tumeipanga hivi. Tunaondoka Dodoma alfajiri kwa Coaster, tunapita Kondoa, Kolo na Babati. Zamani kipande hiki kilikuwa msoto. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, ni safari ya kawaida. Kolo tungesimama saa mbili kuona michoro ya miambani, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Baada ya Babati tunapita Minjingu, kunakochimbwa fosfeti ya mbolea, mpaka Makuyuni, halafu kushoto hadi Mto wa Mbu. Hapo tunalala. Kesho yake tunabadilisha magari, kwa sababu kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na makorongo, ukipitia Engaruka yenye mifereji ya kale ya umwagiliaji. Engaresero kuna ziwa, kuna mlima, na kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zilizokaa kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Siku tatu, labda nne. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni. Masika usijaribu, korongo likijaa unalala ulipo.

Mpaka hapo kamati nzima tunakubaliana. Ugomvi ulikuja kwenye bajeti.

Tuko 31 kwenye orodha. Mchango ulipangwa shilingi 145,000 kwa kila mtu, jumla 4,495,000. Siku ya mwisho ya kulipa ilipofika, 12 walikuwa hawajalipa, na mimi ni mmoja wao. Kikao kikawa na mawazo mawili. La kwanza: waliolipa waende, wasiolipa "watasubiri awamu nyingine". La pili: twende wote lakini tuishie Mto wa Mbu, tulitazame Ziwa Manyara kwa mbali, tupige picha, turudi. Nalo si lina magadi? Rafiki yangu mmoja akanitania: "Dada, wewe mtu wa Masasi usilalamike. Askofu Steere mwaka 1876 aliondoka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, nia yao Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi. Na mambo yakawa."

Tulicheka wote. Lakini nilivyorudi chumbani nikaona utani ule umenipa jibu. Wale walisimama njiani kwa sababu njia ilikuwa imewashinda. Sisi bado hata hatujaijaribu njia. Kilichotushinda ni orodha ya matumizi tuliyoiandika wenyewe.

Hebu tuitazame orodha hiyo. Fulana za safari, 15,000 kila moja, zenye jina la chama na picha ya flamingo: 465,000. Mpiga picha mwenye droni: 400,000. Jumla 865,000. Gawanya kwa mchango wa mtu mmoja, unapata karibu nafasi za watu sita. Yaani nusu ya wale 12 waliobaki nje wamebaki kwa sababu ya fulana na droni. Na droni yenyewe inahitaji vibali, tena hakuna mtu mwenye akili atakayeirusha juu ya ndege wanaotaga.

Sasa tafuta maji kwenye orodha hiyohiyo. Yameandikwa "maji ya kunywa, katoni 10". Hapo ndipo mtu wa Uwanda wa Makonde anashtuka.

Kwetu mtu hapangi safari, harusi wala msiba kabla hajauliza maji yatatoka wapi. Juu ya uwanda mvua inazama mchangani na kutokea chini kabisa kwenye mteremko. Bibi yangu, aliyekulia upande wa Newala, alikuwa anateremka gizani na kupanda jua likiwa limeshatoka, kwa mtungi mmoja. Mtu wa hivyo hakubali hesabu ya katoni 10. Nami nikapiga yangu: kwenye joto la nyuzi 40, lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, si anasa. Watu 31 kwa siku tatu ni lita 465. Hayo ni madumu 24 ya lita 20, na uzito wake ni kama abiria saba wazima. Hata tukijaza upya madumu Mto wa Mbu, mzigo wa kwenda Engaresero unabaki mkubwa, na hatukuwa tumeutengea nafasi wala gari.

Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa na fulana 31, haukuwa na maji. Ulikuwa na mpiga picha, haukuwa na tairi la pili la akiba. Hii si bahati mbaya. Tuliipanga safari tukiangalia itakavyoonekana kwenye simu tukisharudi. Ukianza na picha, anayeachwa nyuma ni yule asiye na hela, na kinachosahaulika ni kile kitakachomrudisha kila mtu salama.

Najua hoja za upande wa pili na siyo za kipuuzi. Waliolipa wamejinyima kama wengine. Kuna aliyeniambia: "Mimi bumu langu nimelitunza tangu Januari, kwa nini nimsubiri aliyekula chipsi kuku?" Ana haki ya kuuliza. Lakini wale 12 siyo wote wamekula chipsi. Wengine hawana mkopo kabisa. Mimi nategemea korosho za mama, na hela ya korosho ina msimu wake. Huwezi kuuambia mkorosho kwamba siku ya mwisho ni tarehe 15. Hoja nyingine ni kwamba safari ni starehe, na starehe ni ya mwenye uwezo. Kwa kozi nyingine sawa. Kwetu sisi tunaosomea ualimu, mwanafunzi asiyefika leo ndiye mwalimu atakayesimama kesho mbele ya darasa la watoto ambao nao hawatafika. Tukimwacha yeye, tumewaacha na wao. Na mara nyingi asiyeweza kulipa ndiye atakayepangiwa shule za kwetu, pembezoni, ambako hakuna mtoto aliyewahi kuona Bonde la Ufa.

Nakubali pia kwamba kuna mahali hatuwezi kubana. Magari ya kutoka Mto wa Mbu yawe mazima, yenye dereva anayeijua njia. Hapo rahisi ni ghali. Ushuru wa getini tuulizie mapema kwa wanaohusika, siyo kubishana nao barabarani huku wenzetu wamekaa juani. Wenyeji wa kututembeza tuwalipe malipo kamili. Engaresero ni kijiji cha watu, Wamaasai wenye ng'ombe zao, wazee wao na taratibu zao; mtu asipigwe picha bila kuombwa. Hivi ndivyo vitu vya kutumia hela.

Mapendekezo yangu basi ni haya, na nitayasema tena kwenye kikao.

Kwanza, fulana na droni zitoke. Mchango unashuka hadi kama 117,000. Simu tulizonazo zinatosha kwa picha.

Pili, malipo yawe kidogo kidogo kwa miezi mitano, kama 23,500 kwa mwezi, na safari isogezwe hadi likizo ndefu. Najua likizo wengine watataka kuwahi nyumbani. Lakini kuchelewa siku nne ni afadhali kuliko kuacha watu 12.

Tatu, Mto wa Mbu na Engaresero tuandike barua mapema kuomba kulala madarasani shule zikiwa zimefungwa. Sisi ni walimu watarajiwa, tunaweza kulala sakafuni. Wakikataa, tutafute mahema ya kuazima.

Nne, hesabu ya kwanza kuandikwa kwenye bajeti iwe maji, ya pili matairi na mafuta, ya tatu dawa za huduma ya kwanza. Mengine yafuate.

Tano, kila atakayekwenda arudi na somo moja lililoandikwa: mchoro, maelezo na kipande cha magadi cha kununua kwa wenyeji. Magadi watoto wanayajua, yako jikoni kwao kwenye maharage na kisamvu. Wakijua kwamba bara hilihili, kwenye bonde lililopasuka, magadi yanaota yenyewe juu ya ardhi, na kwamba karibu yake kuna mlima unaotoa lava nyeusi inayogeuka nyeupe kwa siku chache, hawatasahau. Mimi mwenyewe nisingesahau.

Kama baada ya yote hayo hela haitatosha, basi tuishie Mto wa Mbu, lakini tuishie wote, tukijua tumejaribu. Hapo nitakubali kutaniwa habari za Steere.

Yule kijana wa dawati la nyuma sasa yuko Kidato cha Nne. Mwaka huu atafanya mtihani, na kwenye daftari lake bado kuna sentensi yangu kwamba chumvi ya Natron haivunjiki. Sikusubiri safari. Wiki iliyopita nilimwandikia mwalimu wake wa Jiografia, nikamwomba awaambie darasa kwamba Madam wa BTP alikosea, na kwamba hakuwahi kufika. Amenijibu kwa kifupi: amewaambia, na kijana ameuliza kama nitakwenda lini.

Kikao cha kamati ni Jumatano saa kumi jioni. Mwanachama yeyote anaruhusiwa kuhudhuria na kusema. Ninyi 11 mliobaki nami kwenye orodha ya wasiolipa, msikae vyumbani kwa aibu. Njooni.