Kibali cha Banda la Nyuma: Kaunti Ipime Hatari

Marekani, katika mitaa mingi mipya, mwenye nyumba hawezi kusimamisha hata kibanda cha majembe nyuma ya nyumba yake kabla chama cha wenye nyumba hakijampa ruhusa. Kwetu Kenya vyama vyenye nguvu ya namna hiyo viko zaidi Nairobi, katika mitaa kama Karen na Runda. Kitui na Makueni mwenye kauli ni kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi bila idhini ya waziri wa kaunti anayehusika. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Na maendeleo yanayotajwa humo ni kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi. Ghorofa tano zimo. Jiko la nje nalo, ukiisoma sheria neno kwa neno, limo.

Sipingi kibali. Nchi hii imezika watu wengi mno kwa sababu ya majengo yaliyopanda bila mkaguzi kuyaona. Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa limejengwa karibu na mto. Baada ya msiba kama huo hakuna mwenye akili timamu atakayesema kila mtu ajenge apendavyo. Ninachouliza ni kama sheria iliyoandikwa kwa hofu ya ghorofa inafaa kutumika vilevile kwa banda la kuku Emali au chumba kimoja cha tofali Mwingi.

Anayeishi Ukambani anajua kwamba uwanja wa nyuma ndio unaoendesha nyumba. Tembea vichochoro vya mji wa Wote uone: tangi jeusi la plastiki juu ya jukwaa la mawe, mfereji wa bati uliofungwa kwa waya chini ya paa, jiko la kuni lenye ukuta wa tofali za kuchoma, banda la mbuzi au kuku, na pembeni chumba cha kijana ambaye umri wake haumruhusu tena kulala nyumba moja na wazazi. Kitui na Makueni ni kaunti kavu, na mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima wengi wanaiwekea matumaini. Kila bati linaloongezwa ni maji yanayoongezeka. Piga hesabu: banda la mita 4 kwa 5 lina paa la mita 20 za mraba. Ikinyesha milimita 50, paa hilo linaweza kukusanya hadi lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20 ambayo hakuna atakayeibeba mgongoni wala kuinunua kwa mwenye punda. Kumchelewesha mtu hadi mvua ipite ni kumnyima maji ya msimu mzima.

Sasa mwambie mtu huyo kwamba anahitaji hati ya umiliki, michoro ya msanifu aliyesajiliwa, risiti ya kodi ya ardhi na ada ya ukaguzi. Kitui familia nyingi bado hazina hati, kwa kuwa upimaji wa ardhi haujakamilika kila mahali. Kwingine hati ipo, lakini jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki zamani na urithi haujashughulikiwa. Sokoni ploti nyingi zilitolewa na mabaraza ya zamani kwa barua tu. Malipo ya mchoraji nayo si ajabu yakakaribia gharama ya banda lenyewe. Matokeo tunayajua sote: fundi anaitwa Ijumaa jioni, ukuta unapanda wikendi, na Jumatatu mwenye nyumba anaomba askari wa kaunti wasipite. Wakipita, anachorewa X nyekundu ukutani, na kuanzia hapo mazungumzo yanahamia pembeni. Sheria isiyofuatika inazaa hongo, na anayeumia zaidi ni yule asiyejua wa kumpigia simu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tuliwahi kuwa na busara zaidi. Sheria ya mipango ya 1996, iliyofutwa na hii ya sasa, haikuhesabu kuwa maendeleo ukarabati au nyongeza isiyozidi asilimia 10 ya sakafu ya jengo. Uingereza, ambako mizizi ya sheria zetu za mipango iko, mwenye nyumba wa kawaida anaweza kujenga banda la nyuma lisilo na ghorofa bila kupeleka ombi, mradi majengo ya nyongeza yasifunike zaidi ya nusu ya uwanja, na kama banda liko ndani ya mita 2 kutoka mpakani, kimo chake kisipite mita 2.5. Mwananchi anajipimia kwa futi kamba na kujua kama yuko ndani ya sheria.

Hata hivyo, udogo wa kitu usitudanganye. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji. Liweke juu ya nguzo za mita 3 zilizomwagwa zege na fundi wa kubahatisha, karibu na ukuta wa jirani, na umetundika hatari kubwa kuliko nyumba ya vyumba vitatu. Choo cha shimo kilichochimbwa jirani na kisima kinaweza kuuletea mtaa mzima magonjwa. Kwa hiyo kipimo kiwe hatari. Banda la kuku, jiko la nje na stoo ya mahindi vipate fomu ya ukurasa mmoja, mchoro wa mkono wenye vipimo, na majibu kutoka ofisi ya wadi. Tangi la juu, choo cha shimo na chochote chenye ghorofa viende kwa mhandisi au afisa wa afya, bila huruma.

Na jirani? Sheria ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma anachokusudia kujenga, na watu wanaweza kualikwa kutoa pingamizi. Makueni imejijengea sifa kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti kuanzia vijijini, hivyo mikutano na kamati si jambo geni huko. Kamati ya kijiji inaweza kuthibitisha kwamba mkonge wa mpakani haujang'olewa na kwamba maji ya paa hayatamwagikia kwa mwingine. Ila isipewe kura ya turufu. Ukambani jirani mara nyingi ni wa ukoo mmoja nawe, na ugomvi wa shamba la babu unaweza kufufuliwa kupitia banda la kuku. Anayepinga aeleze kwa maandishi atadhurika vipi, chuki haitoshi.

Kibali kikigeuka marufuku, watu huumia kimyakimya. Malili, Makueni, serikali ilitenga ekari 5,000 za jiji la teknolojia la Konza, ambalo Rais Mwai Kibaki aliliwekea jiwe la msingi Januari 2013. Kulizunguka likachorwa eneo la kinga la kilomita 10, linalogusa pia Machakos na Kajiado. Nia ilikuwa njema: kuzuia mtaa wa mabanda usiodhibitika mlangoni pa jiji jipya. Lakini wenye mashamba ndani ya eneo hilo wamelalamika kwa miaka kwamba wamezuiwa kugawa, kuuza na kujenga kwenye ardhi yao wenyewe, huku jiji likijikokota. Kumnyima mtu jibu kwa miaka ni uonevu, hata kama mpango ulichorwa na wataalamu.

Sheria ni msumeno, na safari hii meno yake yanakata upande wa ofisi pia. Kwa Sheria hiyo ya 2019, ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haki hizi zibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya wadi, kwa Kiswahili na Kikamba, na wawakilishi wa wadi wa kaunti zote mbili watunge sheria ndogo ya majengo madogo kabla mvua za Oktoba hazijarudi. Nawe uliye na ombi mezani kwao, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe, uitunze, na uanze kuhesabu siku.