Daftari la Wiki: Injini Ikioga

Wiki ya kwanza ya Januari, sehemu za kuoshea magari hapa Dar es Salaam hujaa toka asubuhi. Waliokwenda Kilimanjaro "kuhesabiwa", yaani kumalizia mwaka nyumbani kwao, wamerudi, zaidi ya kilomita 500 kila upande, na magari yao yamebeba udongo wa njia za migombani mpaka ndani ya boneti. Kijana mwenye mpira wa presha anamaliza bodi, anamaliza matairi, halafu anauliza: "Bosi, na injini tupige?" Bosi yuko kwenye simu, anaitikia kwa kichwa. Kesho yake gari linatetemeka kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na bosi anatafuta fundi.

Nimeshinda kwenye gereji ya fundi umeme mmoja ninayemwamini, nikiyatazama magari ya namna hiyo yakiingia. Karibu yote ninayoandika leo yametoka huko.

*

Toyota IST ya jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, iliingia ikimisi. Ukiiacha inaunguruma mahali pamoja, usukani unatikisika mkononi. Ukikanyaga mafuta inajivuta kama haitaki. Fundi wa kwanza aliyemwona alikuwa ameshamwandikia karatasi: koili 4, plagi 4, na hela ya kazi. Kwa mshahara wa mwalimu, karatasi hiyo ni ada ya mtoto.

Fundi wetu aliisoma akamrudishia. "Mwalimu, leo hatununui kitu. Tukaushe kwanza."

Sababu yake iko kwenye umbo la injini yenyewe. IST nyingi zilizoko mitaani zina injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,497, silinda 4. Kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi moja kwa moja, na plagi yenyewe iko chini kabisa ya shimo refu jembamba. Betri inatoa volti 12. Koili inazipandisha mpaka makumi ya maelfu ili cheche iweze kuruka pengo la kama milimita moja kwenye ncha ya plagi. Umeme wenye nguvu hiyo hauna subira, ukipata njia nyepesi unaifuata. Maji yakiingia kwenye lile shimo na kulowesha mpira wa koili, njia nyepesi imepatikana: umeme unateleza juu ya ule unyevu na kuishia kwenye chuma cha injini. Petroli imeshapulizwa ndani ya silinda, cheche haikuja, pistoni inapanda na kushuka bure. Injini ya silinda 4 inafanya kazi na 3, ndiyo maana inatetemeka.

Maji yaliyosafishwa sana yangepitisha umeme kidogo tu. Maji ya kuoshea gari yana sabuni, yana vumbi, na hapa pwani mara nyingi yametoka kwenye kisima chenye chumvi. Hayo hupitisha umeme vizuri, na yakikauka huacha chumvi yake pale pale kwenye mpira.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Alizima gari, akalegeza waya wa hasi wa betri, akaondoa kifuniko cha plastiki juu ya injini, akachomoa soketi za koili. Kila koili ya IST inashikwa na bolti moja ya spana namba 10. Akazivuta juu moja moja. Ya tatu ilitoka inachuruzika.

Hapa alifanya jambo ambalo nataka kila mwenye gari alijue. Hakugusa plagi. Kijana wake alikuwa ameshashika spana ya plagi mkononi, akamzuia. Ukifungua plagi wakati shimo bado lina maji, maji yote yanaangukia ndani ya silinda pamoja na mchanga uliokuwa humo. Kwanza walipuliza shimo kwa upepo wa kompresa, macho wameyafunika, wakafuta kwa kitambaa safi kilichozungushwa kwenye kijiti, wakapuliza tena. Mashimo yalipokuwa makavu ndipo plagi zikatolewa na kutazamwa.

Koili nazo zilifutwa, mipira ikageuzwa juani kutafuta ufa au ule mstari mwembamba wa kijivu unaochorwa na umeme uliokuwa ukivuja. Mpira wenye mstari huo umekwisha. Hata ukauke leo, siku ya mvua utarudia. Ya mwalimu haikuwa nao. Boneti ilibaki wazi, jua la saa sita likafanya kazi yake, wakafunga kila kitu. Gari likaunguruma sawasawa. Mwalimu alilipa hela ya kazi peke yake.

Namwandikia yeye na wenzake. Watu wengi hununua spea kwa sababu ya maji ambayo yangekauka yenyewe, na fundi anayewauzia haraka haraka anaonekana ndiye mjuzi, kwa kuwa gari linapona mkononi mwake. Lingepona hata bila zile koili mpya. Hasira yangu iko hapo.

*

Je, kama limekauka na bado linamisi? Kuna njia ya zamani ya kumtafuta mgonjwa kabla ya kununua. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikichomekwa itatoa namba. P0300 ni kumisi kwa silinda bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo kwenda mbele. Tuseme imesoma P0303. Chukua koili ya tatu uibadilishe nafasi na ya kwanza, futa kumbukumbu, endesha. Ikisoma P0301, ugonjwa umehama na koili, basi nunua koili moja. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Tazama plagi, soketi na nozeli ya silinda ya tatu. Badiliko hilo halikugharimu kitu, na linajibu kuliko maneno ya watu watano waliozunguka boneti.

Kuhusu ile taa: ikiwaka na kutulia, unaweza kulisogeza gari taratibu hadi kwa fundi. Ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, simama pembeni uzime injini. Ina maana petroli isiyoungua inatiririka kwenye ekzosi na inakwenda kuungulia ndani ya masega ya kusafishia moshi, na masega yakiyeyuka gharama yake itakufanya uzikumbuke koili kwa hamu.

*

Si kila gari linalogoma baada ya kuoshwa lina maji kwenye plagi. Ukipiga stata ukasikia tek-tek, au kimya kabisa, anza na vichwa vya betri, fyuzi boksi, na soketi ya stata yenyewe. Ikizunguka vizuri bila kushika, chunguza soketi za sensa, hasa ya krenki. Ikishika lakini muungurumo unapanda na kushuka, tafuta mpira wa hewa uliochomoka. Hili la mwisho nimeliona mara nyingi kuliko nilivyotarajia: presha imepiga kimpira chembamba kikatoka mahali pake, hewa inaingia bila kupimwa, na kontrol boksi haijui ichanganye petroli kiasi gani. Kirudishe, kibane, basi.

Mkanda wa alternata ukipiga kelele asubuhi baada ya kuoshwa, upe muda. Umelowa. Kelele zikidumu siku ya pili na ya tatu, huenda maji na sabuni yameingia kwenye beringi.

Tena kuna magari yanayosumbua kwa sababu tu mwoshaji mwangalifu alitoa waya wa betri. Kompyuta imesahau kiasi cha hewa ilichokuwa imezoea kuruhusu gari likiwa limesimama, na kama throtoli ina masizi, injini inakaribia kuzima kila ukifika kwenye taa. Mara nyingi inajifunza upya baada ya kuendeshwa kidogo. Hapo hakuna kilichoharibika.

*

Corolla za zamani, zile za distribyuta, zilikuwa na ugonjwa wao. Kifuniko cha distribyuta kikipata unyevu ndani, umeme unakimbilia silinda isiyo zamu yake au haufiki popote. Mafundi wa enzi hizo walikuwa na kipimo kizuri: usiku, gizani, boneti wazi, injini inaunguruma. Waya wa plagi unaovuja unauona kwa macho, vicheche vya buluu vinacheza juu yake. Tazama kwa mbali, mikono nyuma. Kifuniko kilifunguliwa kwa bisibisi, kikafutwa kwa kitambaa kikavu ndani na nje, kikarudishwa, safari ikaendelea. Natamani vijana wanaojifunza leo kwa mashine ya kompyuta wafundishwe pia kutazama namna hiyo.

Land Cruiser ya 1HZ haina plagi za cheche hata moja. Ni dizeli, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana utaiona inapita mtoni Katavi na bomba lake la hewa limepandishwa juu ya paa, huku gari la petroli limekatiza kwenye dimbwi dogo la Jangwani hapa mjini na kuzima. Lakini dizeli nayo ina adui yake: maji kwenye njia ya hewa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Yakijaa silinda, pistoni inapanda na kugonga ukuta, konrodi inapinda. Hili huletwa zaidi na mafuriko kuliko kuoshwa, ila nimeona waoshaji wanaofungua boksi la filta ya hewa ili walisafishe ndani kwa presha. Hapana. Filta na boksi lake ni vya kupulizwa kwa upepo au kufutwa. Na gari lililokatiza kwenye maji marefu lisipigwe stata hata mara moja kabla fundi hajaangalia kama silinda zina maji.

*

Prius na Aqua, magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, zinaongezeka mjini. Chini ya boneti zina nyaya nene za rangi ya chungwa, zenye volti mamia, si 12. Rangi hiyo imewekwa makusudi, ni onyo. Humo usipitishe presha, wala usimruhusu mtu asiye na mafunzo aguse.

*

Nisingependa lawama ziwaangukie vijana wa kuosha. Wanalipwa kwa gari, si kwa saa, na hakuna aliyewaonyesha alternata iko wapi. Mashine iliyo mikononi mwao inaweza kutoa maji kwa presha ya bari 100 na zaidi. Bomba la nyumbani ni bari chache tu. Soketi za gari zimetengenezwa kustahimili mvua na maji yanayorushwa na matairi, hazikutengenezwa kwa mshale wa maji unaolenga kwenye fizi zake kutoka umbali wa shibiri moja. Ni kazi ya mwenye gari kusimama pale na kusema.

Mambo ya kusema ni machache. Injini ipoe kwanza, kwa sababu maji baridi kwenye ekzosi ya moto huweza kupasua sensa ya oksijeni, ambayo ndani ina kauri. Alternata, fyuzi boksi, koili na mdomo wa kuvutia hewa vifunikwe. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wamepoteza kifuniko chao cha zamani. Tumieni nailoni ngumu ya vifungashio, ifungeni kwa mpira, na ikumbukwe kutolewa kabla ya kuwasha. Kisha brashi, sabuni laini, kitambaa kilicholoa, na maji ya mpira wa kawaida yakimiminika tu. Vitabu vinavyokuja na magari mengi vinatahadharisha juu ya maji kwenye chumba cha injini, na hawakuandika hivyo kujaza ukurasa.

Wale wanaopaka mafuta ya taa ili injini ing'ae, au kusugua kwa petroli, waambiwe waache. Mipira inavimba na kulegea, na mvuke wa petroli karibu na betri ni moto unaongoja.

*

Swali ambalo fundi wetu huulizwa kila siku: kwa nini basi tuoshe injini kabisa? Jibu lake ni kwamba yeye anaitaka safi wakati wa kutafuta mvujo wa oili. Tope likiwa limechanganyika na grisi, huwezi kujua kama oili inatoka kwenye gasketi ya juu au kwenye sili ya krenki. Anaosha, anakausha, anaendesha, anatazama inapoanza kutoka upya. Nje ya hapo, kitambaa kinatosha.

Sasa tazama injini za magari yanayouzwa kwenye yadi. Ukifungua boneti, inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Mnunuzi anafurahi, muuzaji anatabasamu. Huenda ni usafi wa kweli. Huenda pia kuna mvujo uliofutwa asubuhi ile. Kwa macho hutajua. Omba uliendeshe hadi lipate moto sawasawa, si mzunguko wa yadi tu, kisha liegeshe juu ya sakafu kavu, subiri, uinamishe tochi chini ya injini, kwenye maungio ya giaboksi, na nyuma ya kifuniko cha valvu ambako brashi haifiki. Fungua mfuniko wa oili pia: ute wenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yamechanganyika na oili, na hapo ulizia gasketi ya silinda hedi kabla ya kuzungumza bei. Muuzaji akikataa usiliendeshe mbali na yadi, mshukuru, nenda yadi ya pili.