Bi Harusi, Uliza Kabla Hujala



Mwezi wa Shaabani mashine zetu hazipoi. Kila anayeoa anataka aoe kabla ya Ramadhani, na kila bi harusi anayekuja kupimwa tunamuuliza: fungate wapi? Zamani lisingeulizwa. Fungate ilikuwa siku saba ndani ya nyumba, somo yako yupo karibu, na chakula kinatoka kwa mama yako kwenye sinia lililofunikwa kawa. Boko boko, kuku wa kupaka, mkate wa kumimina. Hukuuliza kimepikwaje kwa sababu aliyepika unamjua. Siku hizi tunajibiwa Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani. Siku mbili tatu hotelini, chakula cha usiku ufukweni, picha, kisha kurudi mjini.

Sisi hatuna ugomvi na hilo. Wapo wanaosema mwanamke wa heshima hali mkahawani, na hao tunawaachia maneno yao. Umeolewa, uko na mumeo, kisiwa ni chenu, kwa nini pwani waifaidi wageni peke yao? Ugomvi wetu ni na neno moja tunalolisikia kila mara: "Hapa Zanzibar bwana, kila kitu halali."

Si kweli. Mikahawa mingi ya ufukweni inapika kwa ajili ya mtalii, na mtalii ana vyakula vyake alivyovizoea kwao. Sosi nyeupe ya kamba au ya samaki mara nyingi hutiwa mvinyo. Tiramisu, ile keki ya Kitaliani ya kahawa, wengi huitia ulevi. Asubuhi kwenye bafe unaweza kukuta nyama ya nguruwe imekaa jirani na soseji za ng'ombe, na koleo la kupakulia ni moja. Mpishi anaweza kuwa Muislamu anayeswali swala tano, lakini anapika alichoajiriwa kupika. Na usidanganywe kwamba moto unaumaliza ulevi wote. Unapungua, hauishi.

Mwaka jana bi harusi wetu mmoja alirudi dukani wiki moja baada ya harusi, kaleta abaya ina doa mkononi. Tukafikiri shida ni doa. Kumbe waliagiza samaki wa sosi kwenye mkahawa mmoja wa huko pwani, wakala mpaka nusu, ndipo mumewe akaisoma menyu upya kwa tochi ya simu akaliona neno mvinyo. Shoga yetu alitaka kuuliza tangu mwanzo. Lakini mhudumu kasimama na kalamu yake, meza zote zimejaa wageni, akaona watamdhania mshamba. Mumewe naye moyoni mwake alikuwa vilevile, kila mmoja anamtegemea mwenziwe aulize. Alilia pale dukani kama aliyefiwa. Tukamwambia tulivyofunzwa chuoni, kwamba aliyekula bila ya kujua hana lawama. Akatujibu, "Najua. Kinachoniliza ni kuwa tulimstahi mhudumu kuliko Mola wetu."

Tangu siku hiyo tunalisema kwa kila anayekuja kupimwa, na wengine wanatuona tumezidi.

Usimuulize mhudumu, "Hiki halali?" Atasema ndiyo, tena bila ya kukudanganya, maana kuku kachinjwa na Muislamu na yeye anafikiria kisu tu. Uliza kilichomo. Sosi hii mmetia mvinyo? Nguruwe mnamchoma kwenye chuma hiki hiki? Haya matamu yana ulevi? Akiwa kijana wa Kiislamu muulize swali zuri kuliko yote: "Mdogo wangu, wewe hiki ungekila?" Utaona uso wake unabadilika, anakuwa wa kwenu. Akisema, "Hapana dada, chukua changu wa kukaanga kwa ndimu na pilipili," basi mchukue huyo changu, na huenda akawa mtamu kuliko hiyo sosi ya bei mbaya.

Bora zaidi mume apige simu kabla ya kuweka meza. Wanaume wetu wanajua kuuliza bei ya gari mpaka ya tairi, hili linawashinda nini? Na aulize pia kama mnaweza kupata meza mbali na wanaokunywa. Hadithi ya kutokaa kwenye meza inayozungushwa ulevi tunaijua sote. Meza ya jirani si meza yako, ni kweli, lakini fungate ya kunusa bia ya mtu ina raha gani?

Jambo jingine ni saa. Hoteli za Kendwa na Nungwi zinapenda kuuza chakula cha machweo, na machweo ndiyo Maghribi yenyewe. Litazameni jua likizama, mswali, kisha mkakae mezani saa moja na nusu. Chakula hakikimbii.

Na si lazima kila mlo uwe wa ufukweni. Mkipita mjini ingieni Lukmaan pale Mkunazini, unaonyesha kwa kidole unachokitaka na unapakuliwa. Jioni kuna Forodhani. Mishikaki ya vyakula vya baharini pale tunaitazama mara mbili kabla ya kununua, kwani hujui imekaa juani tangu lini, lakini juisi ya miwa inakamuliwa mbele ya macho yako. Urojo kila mtu ana wake anayemuamini, hapo hatuingii.

Tumalizie na mavazi, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Mkono mpana wa abaya unapendeza kwenye picha, mezani unaingia mchuzini. Ile abaya ya shoga yetu doa halikutoka, tulibadilisha kipande kizima. Kwa safari shoneni mkono wenye kifungo au mpira. Anayevaa ninja achague meza ya pembeni akae kuielekea bahari, na ninja iwe nyepesi, ndefu kidogo, ili mkono upite chini yake bila ya kuhangaika. Mkienda kwenye ule mkahawa wa juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe, ulizeni maji kwanza. Yakipwa mnafika kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua, na pindo la abaya litarudi na chumvi.

Ijumaa hii tuna mmoja anaolewa, kisha anakwenda Jambiani. Alitaka mikono mipana ya kuburura. Tumemtilia mpira mwembamba kwa ndani, hauonekani, na mumewe keshapiga simu.