Mto Hausahau Njia Yake

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuanza kazi chini ya ardhi, wewe huchukua mtaimbo ukagonga jiwe la juu. Likilia wazi kama kengele, unaingia. Likitoa sauti ya utupu kama ngoma, unarudi nyuma na kumwita kapita. Hakuna anayekucheka. Ukipita bila kugonga, utakaripiwa, na ni haki.

Lakini nyumbani, je, umegonga? Kiwanja unachotaka kununua, kijiji walipo wazazi wako, umepima hatari yake?

Tutazame kwa Wagenia, Kisangani, penye maporomoko ya mwisho ya Boyoma. Wavuvi wa hapo husimika miti mikubwa kati ya mawe, huifunga kwa kamba za porini, kisha hutundika mitego mahali maji yanapokimbia kwa nguvu. Kamba ikioza, mtu ataanguka mtoni. Kwa hiyo huangalia kwanza, ndipo wapande. Nasi tuuangalie mto hivyo hivyo kabla ya kujenga kando yake.

Mwisho wa mwaka 2023 Mto Kongo ulijaa, ukamwagika katika majimbo mengi, Tshopo ikiwemo. Mnamo Januari 2024 kipimo cha Kinshasa kilifika mita 6.20. Mwaka 1961 kilikuwa kimefika mita 6.26. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 60 katikati! Mtu aliyezaliwa baada ya 1961 aliweza kujenga, kuoa, kulea watoto na kupata wajukuu, huku akisema, «Maji makubwa namna hiyo hayaji hapa.» Alisema kweli juu ya maisha yake, si juu ya mto.

Ndiyo maana twasema: miaka kumi ya ukavu si kipimo. Wengine watajibu, «Maskini hachagui kiwanja.» Ni kweli. Basi anayegawa viwanja ana deni la kuonyesha alama ya maji. Nawe usitoe pesa kabla ya kuuliza haya:

1. Maji yalifika wapi mwaka 2024? Wazee wanasema zamani yalifika wapi? Tia alama ukutani au mtini, watoto waione.

2. Yakija usiku, nani nyumbani hawezi kukimbia? Bibi, mgonjwa, mtoto mchanga? Nani atawabeba, na kwenda wapi?

3. Choo kiko wapi, na kisima kiko wapi?

Mama, swali hili la tatu ni lako na mume wako pamoja. Maji yakipita chooni kisha yakaingia kisimani, kipindupindu hufuata. Chemsha maji ya kunywa. Nawa kwa sabuni. Mtu akiharisha sana, mpeleke kwenye kituo cha afya upesi. Njiani mnyweshe maji haya kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Kama tayari unakaa bondeni, inua sakafu, weka vyeti vya familia mahali pa juu, na mkubaliane leo mtakimbilia wapi.

Chini ya ardhi unagonga kabla ya kuingia. Nyumbani nako, uliza kabla ya kujenga. Kinga ni bora kuliko tiba.