Begi la Shangazi Lilizunguka Peke Yake

BARAZANI na Mzee Makuti

Shangazi yangu wa Unguja alikwenda Muscat mwezi uliopita kumwona mjukuu. Kiingereza chake ni cha darasani, wala si kibaya. Aliposhuka kwenye ndege akafuata watu, akakuta bango la 'Baggage Claim'. Akatafsiri kichwani: madai ya mizigo. Basi hapo, akajiambia, ndipo wanapolalamika waliopotelewa, na yeye hajapotelewa na kitu. Akaketi pembeni. Begi lake la buluu likazunguka kwenye mkanda karibu saa nzima.

Wa kulaumiwa ni sisi walimu tuliomfundisha kwa kamusi. Kamusi husema 'claim' ni dai. Uwanja wa ndege una maana yake: chukua kilicho chako. 'Gate' tuliiita geti, mtu akatafuta mabati na mlinzi, kumbe ni mlango tu wenye namba. 'Terminal' asili yake ni mwisho, nawe safari hata hujaianza! Ama 'customs', niliwahi kusahihisha mtihani, mtoto kaandika 'ofisi ya mila na desturi'. Nilimpa nusu maksi kwa ujasiri.

Na kumbe mtu wa pwani ndiye asiyepaswa kuhangaika, maana mengi ya maneno haya yametoka baharini. 'Pilot' aliongoza meli kuingia bandarini kabla hajakabidhiwa ndege, na rubani wetu naye kazi aliianzia chomboni. 'Board' ilikuwa ubavu wa meli; ndiyo maana hadi leo abiria wa ndege hupewa 'boarding pass'. 'Airport' yenyewe ni bandari, ila ya angani. Forodha je? Shangazi amekula mishikaki Forodhani tangu usichana wake, mahali palipopata jina kwa ushuru wa bandari. Angeambiwa tu kwamba 'customs' ndiyo forodha, angecheka.

Walimu wenzangu, acheni kuwakaririsha watoto orodha ya maneno ishirini ubaoni. Mpitisheni mwanafunzi njia nzima: anakabidhi begi, anapewa pasi ya kupandia, anagongewa muhuri uhamiaji, anasubiri mlangoni, anapanda. Akishuka, muhuri tena, begi, forodha, nje. Kila anaposimama, mpeni neno la hapo. Na mkifika kwenye mkanda unaozunguka, mwambieni waziwazi: begi ni lako, lichukue.