Bei ya Leo na Mavuno ya Kesho

Mkulima hupanga shamba lake kwa kutazama mvua na bei. Zao lenye bei nzuri huongezewa ekari. Lisilo na bei huachiwa magugu. Huo si ujinga, ni hesabu. Lakini hesabu hiyo ina mtego, na wakulima wa vanila nchini Uganda wanaufahamu.

Mwezi wa Aprili 2000, kimbunga Hudah kiliipiga Madagaska, nchi itoayo sehemu kubwa ya vanila ya dunia. Zao likawa adimu, na kufikia mwaka 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 400 katika soko la dunia. Habari zilipofika Mukono, watu wengi walipanda miche chini ya kivuli cha migomba na mibuni. Wezi nao wakaingia mashambani usiku, hata baadhi ya wakulima wakavuna maganda yakiwa mabichi ili wasiibiwe. Maganda hayo hayakuwa na harufu nzuri, na sifa ya zao ikaharibika.

Vanila huchukua takriban miaka 3 tangu kupandwa hadi kuzaa. Maua yake huchavushwa moja moja kwa mkono, na maganda huhitaji kama miezi 9 kukomaa. Kwa hiyo aliyepanda kwa bei ya 2003 alivuna katika soko jingine kabisa. India, Indonesia na Papua Guinea Mpya nako watu walikuwa wamepanda, na viwanda vilikuwa vimegeukia vanila ya bandia. Mwaka 2005 bei ilikuwa chini ya dola 100, na wengine waling'oa miti yao. Kimbunga Enawo cha mwaka 2017 kiliipandisha tena bei. Baada ya miaka michache ikashuka vilevile.

Basi askari aliye kambini, anayetuma sehemu ya mshahara wake nyumbani ili ipandwe, na mkewe anayeshika jembe, wafaa kuulizana kwanza: zao hili litavunwa lini, na wangapi wengine wanalipanda leo? Kipande cha muhogo, maharage na ndizi za watoto kisiguswe. Kinachobaki ndicho cha kujaribia bahati ya soko. Bei ikianguka, familia itakosa faida, lakini haitakosa chakula.