Tawi Halishiki Mkasi

Mwezi huu safu yetu inaelekea Chamwino, mkoani Dodoma, na mada yenyewe ni ile ambayo wanandoa wengi wanaona aibu kuitaja: kusoma Biblia kila siku mpaka inakuwa kama kupiga mswaki. Unafungua, unasoma sura, unafunika, unakimbilia daladala. Mchana ukiulizwa umesoma nini, huna jibu.

Siyo siri, hali hii inawabana sana wenzi wanaoishi mbalimbali. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma Julai 2016, wapo watumishi walioripoti kazini huku na kupanga vyumba hadi upande wa Chamwino, wakati mke au mume amebaki Dar es Salaam kwa ajili ya kazi yake au shule ya watoto. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari, lakini Jumatatu hadi Ijumaa bado ni ndefu. Basi saa tatu usiku simu inapigwa, sura inasomwa, "Amina, usiku mwema," simu inakatwa. Hakuna lililoguswa. Siyo ada, siyo wakwe, wala ile hela iliyotumika bila kuulizana.

Jamani, hapo kitabu hakina kosa. Mistari tuliyoizoea tangu utotoni tunaisoma kwa kumbukumbu, macho yamelala.

SHAMBA LINAFUNDISHA

Chukua Yohana sura ya 15, habari ya mzabibu na matawi. Nani hajaisikia? Lakini hebu isome ukiwa umepita kwenye mashamba ya zabibu ya Chinangali, hapo hapo wilayani Chamwino. Dodoma haina baridi kali ya kuulaza mzabibu usingizi kama Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogolea, na ndiyo maana anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Shamba likishapogolewa, mgeni anaweza kudhani limekufa. Vijiti vitupu, jua kali, vumbi. Baada ya muda machipukizi yanatoka, na zabibu zinabebwa na machipukizi hayo mapya. Mkulima akiuonea mzabibu huruma akauacha ujiotee tu, atapata majani tele na matunda haba.

Sasa rudi kwenye kitabu. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inasema tawi linalozaa husafishwa. Ukisoma mbio mbio unawaza maji na sabuni. Kumbe neno la Kigiriki lililotumika pale linabeba maana ya kusafisha na ya kupogolea pia. Yaani panahusika chuma! Na anayekatwa ni tawi ambalo tayari linazaa, siyo lile bovu peke yake. Mtu aliyezoea kusema "ndoa yetu haina tatizo" akifika hapo, lazima akae vizuri kwenye kiti.

MKASI UKO KWA NANI?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Katika habari ile, mkulima ni Baba. Mume ni tawi, mke ni tawi. Hakuna mahali tawi linapopewa mkasi likate tawi lenzake.

Lakini nyumbani inakuwaje? Mama anasoma Waefeso 5, akifika kwenye wajibu wa mume anapandisha sauti. Baba naye anakumbuka kwamba sura hiyo hiyo ina neno la utii, analirudia mara mbili. Hapo hamsomi tena, mnaendesha kesi. Na mwenzako akishajua kwamba kila sura ina kipigo chake, atakuwa anaitikia Amina huku moyo uko mbali. Anayesoma namna hiyo kila siku hawezi kukutana na jambo jipya, kwa sababu anatafuta kosa la mwenzake tu, na hilo analijua tangu zamani.

Naomba nieleweke. Kupigwa au kudhalilishwa siyo kupogolewa. Mtu akikuumiza, tafuta msaada, usiambiwe uvumilie kwa kutumia Yohana 15.

JARIBUNI HIVI

Kwanza, punguzeni. Mistari minane mnayoielewa ni bora kuliko sura tatu za kukimbizana na ratiba.

Pili, semeni kwa maneno yenu. Mwalimu Nyerere, ambaye jina lake haliachani na Chamwino tangu enzi za vijiji vya ujamaa, alizitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Huwezi kukibana kisa ndani ya mizani bila kupima kila neno. Wewe si lazima uwe malenga. Mweleze mwenzako ulichosoma kwa sentensi mbili, bila kutazama kitabu. Ukishindwa, ujue hukusoma.

Tatu, kila mmoja ajibu swali moja kwa upande wake tu: "Kwangu mimi, ni nini kinatakiwa kukatwa?" Mwenzako akijibu, usiongezee. Sema asante. Kimya kikija baada ya hapo, kiacheni. Simu isikatwe haraka.

Mwezi huu anzeni na Zaburi ya 126. Inataja vijito vya Kusini, yaani Negebu, nchi kame ambako makorongo hukauka kabisa kisha mvua ikinyesha yanafurika. Uliyeko Chamwino, makorongo ya namna hiyo unayajua. Mpigie mwenzako aliyeko Dar umweleze linavyokuwa mwezi wa Oktoba, halafu kila mmoja aseme ni wapi kwake pamekauka.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.